Kaanguka Kitandani au Kafanyiwa? Tunasoma Sura ya Mzazi Badala ya Mwili wa Mtoto

Saa nne usiku mdogo wangu kanipigia simu, sauti haieleweki, ninachosikia ni "mtoto kaanguka, mtoto kaanguka". Mtoto mwenyewe ana miezi mitano, hatambai wala hajakaa vizuri, ila kujigeuza kashajua, na walimlaza katikati ya kitanda wakamwekea mito pande mbili kama tunavyofanya wote, sasa upande wa miguuni hamna mto na huko ndo alikopitia. Pu! Kwenye tailizi. Mpaka nafika kwao nundu imeshajaa juu ya sikio la kulia, mtoto analia kweli kweli (baadaye nikaja kuelewa kulia kule kulikuwa kwema, anayelegea na kunyamaza ndo wa kuogopa), tukajipakia kwenye bajaji watu wazima watatu na mtoto, mbio hospitali.

Nesi aliyetupokea ni mama mtu mzima, miwani imeshukia puani, hana papara kabisa. Akaanza. Kitanda kina urefu gani? Shemeji akaonyesha kwa mkono, hapa, juu ya goti kidogo. Chini kuna nini, kapeti au tailizi? Aliangukia upande gani? Nani alikuwa chumbani? Alilia hapo hapo au alinyamaza kwanza? Katapika? Akaandika yote, kisha akamvua mtoto nguo mpaka pampasi, akampapasa mbavu moja moja, akaangalia nyuma ya masikio, akainua mdomo wa juu kutazama kale kauzi kanakoshikana na fizi, akagusa utosi taratibu, akamgeuza. Afu akamwita mdogo wangu pembeni akamuuliza yale yale upya, peke yake. Hapo shemeji uvumilivu ukamwishia, "Kwani nesi unanishuku mimi nimempiga mwanangu?" Yule mama hata hakuinua sauti: "Mama, angekuja mke wa mkuu wa mkoa ningemuuliza hivi hivi. Nisipokuuliza wewe, siku akija wa kuulizwa nitamuulizaje?"

Nilitoka pale nimekasirika kidogo kwa niaba ya shemeji, kiukweli. Ila lile jibu halikutoka kichwani, na tangu siku hiyo nimekuwa nasoma sana hii mada, mimi sio daktari, ni mtu wa kusoma na kuandika tu, na kadri ninavyosoma ndo naona yule nesi alikuwa amegusa penyewe. Watoto wanaoumizwa makusudi wakarudishwa nyumbani kwa aliyewaumiza, na watu wasio na hatia wanaofungwa kwa mtoto aliyeanguka au aliyeugua, mara nyingi tunayaongelea kama matatizo mawili yanayovutana, kwamba ukikaza upande mmoja unalegeza mwingine. Mimi naona ni ugonjwa mmoja. Kote kuwili kuna mtu aliyesoma sura ya mzazi au mlezi badala ya kusoma mwili wa mtoto na maelezo ya tukio.

Chukua upande wa kwanza. Mwaka 1999 Carole Jenny na wenzake walichapisha uchunguzi wa hospitali ya watoto kule Denver, Marekani, watoto 173 chini ya miaka mitatu ambao walithibitika kuumizwa kichwa na mtu. Kumbe kati yao 54, karibu theluthi moja, walikuwa wameshapelekwa kwa daktari kabla na daktari hakugundua. Wameambiwa ni mafua, ni tumbo, ni virusi, ni ajali ndogo, nendeni nyumbani. Na 15 kati ya hao 54 waliumizwa tena baada ya kurudishwa. Watano wa kundi hilo walikufa, na watafiti wakaona wanne pengine wangepona kama wangegunduliwa mapema. Sasa ni watoto gani walipitwa zaidi? Wachanga sana, hilo linaeleweka maana dalili zao hazina sauti, ila pia watoto weupe, na wale ambao baba na mama wanaishi pamoja. Yaani daktari kamwona baba katulia, mama kavaa vizuri, familia imekamilika, akili yake ikafunga mlango. Hakuna aliyekaa akasema nawabagua, hapana, ni macho tu yalimaliza kazi kabla ya mikono kuanza.

Upande wa pili nenda Texas. Mwaka 2002 bwana mmoja anaitwa Robert Roberson, wa mji unaitwa Palestine, alimleta hospitali binti yake wa miaka miwili akiwa hajitambui, akasema mtoto kaanguka kitandani usiku. Mtoto alikuwa mgonjwa siku kadhaa, homa kali, kapewa dawa. Manesi na polisi wakamtazama yule baba wakaona hana hisia, halii, kama vile halimhusu. Mtoto akafa, 2003 baba akahukumiwa kifo, na moja ya nguzo kubwa za kesi ilikuwa kwamba mtoto katikiswa. Miaka ikapita ndo ikaja kupimwa kwamba ana usonji (autism), hali inayoweza kumfanya mtu asionyeshe hisia kama wengine, na ule uso uliowatisha watu ndo uso wake wa siku zote. Mpelelezi aliyesimamia kesi yake, Brian Wharton, sasa hivi ni miongoni mwa wanaosema hadharani kwamba walikosea. Oktoba 17, 2024 alikuwa auawe, wabunge wa Texas wakamwita kwa hati aje kutoa ushahidi mbele yao ili tu siku ile ipite, na Oktoba 2025 mahakama ya juu ya jinai ya jimbo hilo ikasimamisha tena. Niwe mkweli, waendesha mashtaka bado wanashikilia kwamba mtoto alipigwa, na wanataja michubuko, kwa hiyo simsafishi mtu hapa, sikuwepo. Ninachosema ni kwamba uso wa baba uliingia kwenye faili kama vile ni kipimo cha maabara.

Sasa hili jambo la kutikisa lilitoka wapi, maana wengine wanadhani limekuwepo tangu dunia iumbwe. Mwaka 1946 daktari wa eksirei Marekani, John Caffey, aliandika habari za watoto sita waliokuwa na damu iliyovuja kichwani na wakati huo huo mifupa ya mikono na miguu imevunjika, na hakuna aliyeweza kueleza imevunjikaje. 1962 akaja Henry Kempe na wenzake wakasema waziwazi kile ambacho madaktari walikuwa wanakikwepa, kwamba kuna watoto wanapigwa na wazazi wao. Afu 1971 daktari wa upasuaji wa ubongo wa watoto huko Hull, Uingereza, Norman Guthkelch, akajiuliza swali zuri sana: mbona kuna watoto wana damu chini ya utando wa ubongo lakini nje ya kichwa hamna hata alama? Akapendekeza kwamba pengine walitikiswa. Kichwa cha mtoto mchanga ni robo ya urefu wake wote, shingo haina nguvu, na kati ya ubongo na utando kuna vimishipa vidogo vinavyovuka, kichwa kikienda mbele nyuma kwa nguvu vile vimishipa vinachanika. Lilikuwa pendekezo. Na nia yake ilikuwa kuonya wazazi, kule kaskazini mwa Uingereza watu waliona kumtikisa mtoto ni adhabu nyepesi kuliko kumpiga.

Pendekezo likakua likawa sheria isiyoandikwa. Dalili tatu: damu chini ya utando wa ubongo, damu kwenye retina huko nyuma ya jicho, na ubongo kuvimba au kuacha kufanya kazi sawasawa. Ukizikuta tatu na hamna ajali ya gari wala gorofa, basi katikiswa, na aliyetikisa ni yule aliyekuwa naye mara ya mwisho, maana mtoto aliyeumia hivyo analegea palepale. Unaona hatari yake? Kipimo kimoja kinakupa kitendo, kinakupa saa, na kinakupa jina la mtu. Mimi najua mafundi ramli wanaotoa majibu machache kuliko hayo.

Nyufa zikaanza kuonekana mapema tu. 1987 Ann-Christine Duhaime na wenzake walitengeneza midoli yenye shingo za aina mbalimbali wakaitikisa, wakapima nguvu, wakaona kutikisa peke yake kunatoa nguvu ndogo mno ukilinganisha na kichwa kugonga kitu, tofauti karibu mara hamsini. Na watoto 13 waliokufa kwenye kundi lao, wote walikutwa na dalili za kugongwa. Kwa hiyo pengine anayetikisa anamalizia kwa kumbwaga, hata kwenye godoro. Wengine wakajibu kwamba mdoli sio mtoto, nalo ni kweli. 1997 ikaja kesi ya yaya Mwingereza wa miaka 19, Louise Woodward, karibu na Boston, mtoto wa miezi minane aliyekuwa analelewa naye kafa, wazee wa baraza wakasema ni mauaji, siku kumi na moja baadaye jaji Hiller Zobel akashusha kuwa kuua bila kukusudia na akamwachia kwa siku 279 alizokwishakaa ndani. Utetezi ulidai fuvu lilipasuka wiki kadhaa nyuma na damu ya zamani ikavuja upya. Mmoja wa madaktari waliosimama upande wa mashtaka, Patrick Barnes wa eksirei, baadaye aligeuka akawa mkosoaji mkubwa wa hii sayansi. Ila kinachonikera mimi kwenye kesi ile ni mama wa marehemu, daktari wa macho, alivyoshambuliwa mitaani na kwenye TV kwa nini anaenda kazini anamwachia mtoto yaya. Mtoto kafa, watu wanajadili ratiba ya mama. Si ndo yale yale ya kwetu?

Mwaka 2005 mahakama ya rufaa Uingereza ilipitia kesi nne kwa pamoja, wawili wakaachiwa, mmoja akapunguziwa kutoka mauaji hadi kuua bila kukusudia, mmoja akabaki na hukumu yake, na wakasema zile dalili tatu ni kiashiria chenye nguvu ila zenyewe tu hazitoshi kuhukumu moja kwa moja. Nadhani huo ndo ulikuwa uamuzi wenye akili kuliko yote niliyoisoma. Sweden 2014 mahakama ya juu kabisa ikamwachia baba mmoja aliyehukumiwa kwa kumtikisa mtoto, na 2016 taasisi yao ya kutathmini mbinu za tiba ikapitia tafiti ikasema ushahidi kwamba dalili tatu zinathibitisha kutikiswa ni hafifu. Madaktari wa watoto wakachachamaa, wakasema swali lenyewe limeulizwa vibaya, hakuna daktari makini anayeamua kwa dalili tatu tu. Guthkelch mwenyewe akiwa mzee kabisa alilalamika kwamba wazo lake linatumika kufunga watu kwa namna ambayo hakuikusudia. Alifariki 2016 akiwa na miaka 100.

Hapa kuna watu huwa wanaruka upande wa pili wanasema basi habari ya kutikisa mtoto ni uongo wa madaktari. Taratibu! Ufaransa 2010 Catherine Adamsbaum na wenzake walipitia kesi 112 na 29 kati yao waliofanya walikiri, na walichoeleza ni kutikisa kwa nguvu, wengi zaidi ya mara moja, zaidi ya nusu walirudia siku tofauti, na sababu kubwa kabisa mtoto analia. Anatikiswa, ananyamaza maana ubongo umepata shoti, mzazi anaona dawa imefanya kazi. Kesho analia tena. Kilio cha mtoto mchanga kinapanda mpaka kilele chake wiki ya sita hadi ya nane hivi, halafu kinashuka, na hiyo ni kwa watoto wazima wasio na tatizo lolote, sasa mama wa miaka 19 ambaye hajalala siku ya tano na mume anasema mnyamazishe mwanao, hajui kwamba kuna kushuka. Halafu madaktari wa watoto Marekani 2009 walibadilisha hata jina, wakaacha kuita ugonjwa wa mtoto aliyetikiswa wakaanza kusema jeraha la kichwa la ukatili, kusudi wasijifunge kwenye namna moja ya kuumizwa. Naona walichelewa, ila walifanya.

Haya, mwili unasema nini basi? Tuanze na kitanda maana ndo ajali ya kila nyumba. Australia 1993 Lyons na Oates walichukua watoto 207 walioanguka kutoka vitandani wakiwa wodini, yaani urefu unapimika na maelezo hayana longolongo, wakakuta mmoja kapasuka fuvu mstari mwembamba na mmoja kavunjika mtulinga, basi, hamna aliyeumia vibaya. Chadwick na wenzake 2008 walikadiria kwamba mtoto mdogo kufa kwa kuanguka chini ya mita moja na nusu ni chini ya mmoja kwa kila watoto milioni kwa mwaka. Kwa hiyo ukiniambia kaanguka kwenye sofa halafu ana damu kila upande wa ubongo, macho yamejaa damu na mbavu zimevunjika kwa nyuma karibu na uti wa mgongo, nitakaa chini nikuulize upya. Lakini mmoja kwa milioni sio sifuri. 2001 John Plunkett alikusanya vifo 18 vya watoto walioanguka kwenye bembea na ngazi za michezo, na mmoja bibi yake alikuwa anamrekodi video wakati anaanguka, mtoto akawa na fahamu kwanza, akaongea, baadaye ndo hali ikabadilika akafa. Hao walikuwa wakubwa kuliko wachanga, ndio, ila ile video ilimaliza kabisa ubishi kwamba haiwezekani. Na ikatikisa ile imani ya kwamba mtu wa mwisho kuwa na mtoto ndo mhusika.

Mahali damu ilipokaa kichwani nako kuna lugha yake. Damu iliyokaa kati ya fuvu na utando, mara nyingi pamoja na ufa mmoja mnyoofu, mara nyingi ni ajali, kitu kimegonga hapo. Damu nyembamba chini ya utando, sehemu nyingi, hasa katikati ya nusu mbili za ubongo, inatia wasiwasi zaidi. Ila hata hapo subiri, maana mwaka 2008 walipima kwa MRI (mashine ya picha za ndani ya mwili) watoto wachanga 101 waliozaliwa salama wasio na dalili yoyote, 46 walikutwa na damu hiyo hiyo, ya kuzaliwa tu, ikaisha yenyewe ndani ya miezi mitatu. Mtoto ambaye hakupewa vitamini K alipozaliwa, mfano kazaliwa nyumbani, anaweza akavuja damu kichwani wiki ya tano hakuna mtu kamgusa. Kuna magonjwa ya damu kutoganda. Kwa hiyo kabla hujaandika jina la mtu andika kwanza kipimo cha kuganda kwa damu.

Ngozi ndo kitu rahisi kuliko vyote na ndo tunakipuuza. Marekani 1999 walikagua watoto 973 wazima kliniki za kawaida, kati ya 366 wenye umri chini ya miezi sita ni wawili tu walikuwa na alama za damu iliyovilia chini ya ngozi. Mtoto ambaye hajaanza kujikokota hana pa kujigonga! Alama kwenye sikio, shingoni, kifuani, tumboni, au kale kauzi ka mdomo kukatika, hivyo ni vitu vya kumfanya mtu asimame, hata kama vinaonekana vidogo na havihitaji dawa. Sasa sisi watoto wetu ni weusi, michubuko haionekani kirahisi hasa kwenye taa ya wodi inayowaka inazima, na upande mwingine watoto wetu wengi tu wanazaliwa na lile baka la bluu mgongoni au kwenye makalio ambalo mgeni akiliona anaapa mtoto kapigwa. Tofauti yake? Baka halibadiliki rangi wiki nzima, halivimbi, haliumi ukigusa. Alama ya damu iliyovilia inabadilika na kuisha.

Na macho. Hapa ndo naomba tukae kidogo maana hapa vitabu vya nje vinaweza kutupoteza vibaya. Kwenye tafiti za huko damu kwenye retina inakutwa kwa watoto karibu 78 kati ya 100 walioumizwa na 5 kati ya 100 wa ajali, tofauti kubwa sana, na ikiwa ni damu nyingi isiyohesabika, tabaka zote, mpaka kingoni mwa retina, inazidi kuelemea upande wa ukatili. (Ingawa ukweli ni kwamba wengi waliwekwa kundi la kuumizwa kwa sababu ya macho hayo hayo, kwa hiyo namba inajizungushia mkia wake kidogo.) Lakini huku kwetu mtoto ana degedege, hajitambui, unamulika jicho unakuta damu kwenye retina. Unafikiria nini? Blantyre, Malawi, watafiti Terrie Taylor, Malcolm Molyneux na wenzao walikaa miaka mingi wakionyesha kwamba malaria kali ya ubongo inaacha alama zake kwenye retina, damu ambayo mara nyingi ina doa jeupe katikati, sehemu za retina kupauka, na mishipa kubadilika rangi kuwa kama ya chungwa au nyeupe. Mwaka 2004 walichapisha uchunguzi wa maiti za watoto 31 waliokuwa wameandikwa malaria ya ubongo kwa vigezo vyote, na saba kumbe walikufa kwa kitu kingine kabisa, vimelea walikuwa navyo kwenye damu lakini havikuwaua, na dalili iliyowatenganisha vizuri kuliko zote walipokuwa hai ilikuwa ni hiyo ya jicho.

Ukiielewa hiyo unaona panga lina makali kuwili. Daktari aliyesoma vitabu vya Ulaya tu anaweza kumwona mama wa Kigoma ni mkatili kumbe ni mbu. Na daktari wa kwetu aliyezoea, anayeona mtoto ana degedege na kipimo cha malaria kimesoma mistari miwili, anaweza kufunga faili hapo hapo, wakati kwenye maeneo yenye malaria nyingi mtoto anaweza kuwa na vimelea na wakati huo huo kichwa kimegongwa ukutani. Mimi nikiambiwa nichague kosa gani linatokea zaidi huku nitasema hili la pili, tena bila shaka. Mtoto akifika analegea tunasema degedege, degedege linaelezwa kwa homa, homa kwa malaria, na bibi nyumbani anaeleza kwa ndege aliyepita juu ya nyumba jioni, na mazishi ni kesho adhuhuri. Nani atagusa mbavu?

Vile vile kuna ile kanuni ya kwamba aliyechelewa kuleta mtoto ana la kuficha. Huko kwenye ambulansi ya dakika kumi sawa. Huku mama anasubiri mume arudi na hela, anapitia duka la dawa kwanza, bodaboda hakuna usiku, na wengine wakisikia neno PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, wanaogopa wataishia polisi kabla ya kufika kwa daktari. Kuchelewa ulizia sababu, usikuandike kama kosa. Na maelezo yanayobadilika nayo ni dalili kweli, ila angalia nani anaongea, mara nyingine mama mkwe ndo anajibu kila swali na mkwe kainamisha kichwa, ukimtoa bibi ndo unapata maelezo ya kwanza, sio ya pili.

Halafu dada wa kazi. Wote tunaikumbuka ile video ya Kampala, Novemba 2014, mtoto wa mwaka na nusu, dada anamlisha kwa nguvu, anamtupa chini, anampiga na tochi, anamkanyaga mgongoni. Baba alikuwa ameshaona michubuko na mtoto kuchechemea ndo maana akaficha kamera, yaani mwili wa mtoto ulishasema kabla ya kamera. Dada alikiri, akafungwa miaka minne. Tangu hapo kila nyumba mtoto akiwa na nundu, mshukiwa ana jina, ni binti wa miaka 17 kutoka mkoani anayelala jikoni. Na inawezekana ni yeye! Lakini tafiti za nje nyingi zinawataja kina baba na wanaume wanaoishi na mama wa mtoto kama wahusika wakubwa wa majeraha ya kichwa, na kuhusu hao hatufichi kamera. Tukimfukuza dada alfajiri na nauli ya basi, na aliyemuumiza mtoto amebaki sebuleni anaangalia mpira, tumemlinda nani?

Kwa hiyo mimi sidai hapa kila wilaya iwe na MRI na daktari wa macho wa watoto, tungekuwa tunadanganyana. Nadai karatasi na kalamu. Maelezo yaandikwe mapema, kwa maneno ya mwenyewe, kila mtu peke yake, kabla daktari hajajenga picha yake na kabla ndugu hawajakubaliana nje ya wodi: urefu, sakafu, upande, saa, nani, alilia au hakulia, anaweza kufanya nini kwa umri wake. Mtoto wa miezi miwili hajigeuzi mpaka ukingoni, wa mitano anajigeuza, na hapo tu umeshatenganisha hadithi mbili bila mashine. Avuliwe nguo zote. Kila mtoto, wa mheshimiwa na wa mbeba mizigo. Ukiuliza wote hujamtukana yeyote, ukichagua wa kuuliza ndo umeshaanza kutukana, na ndo umeshaanza kukosea.

Yule mtoto wetu alikaa chini ya uangalizi mpaka asubuhi, akanyonya, akacheka, tukarudi naye. Nesi alipomgeuza usiku ule alikuta baka la bluu kalio la kushoto, akalitazama kwa muda, akalibonyeza, akachukua kadi ya kliniki akaandika pale chini kwa mwandiko wake mbaya: baka la kuzaliwa, kalio kushoto, haliumi. Shemeji akaona ni umbea mwingine tu. Mtoto alipofika miezi tisa shemeji kaenda naye kuchoma sindano ya surua kliniki nyingine kabisa, nesi kijana akamshusha pampasi, akasimama. Akamwangalia shemeji, akaangalia lile baka, kimya. Akafungua kadi, akasoma, akachukua sindano.